Jivu Mgongoni mwa Mkaa

Kila alasiri, kengele ya mwisho ilipolia, wanafunzi wa darasa la sita wa shule ya Kwemtindi walichukua miundu wakashuka bondeni kukata majani ya farasi. Hiyo ilikuwa zamu yao katika kazi za kujitegemea. Darasa la tano walimwagilia kabichi, darasa la saba walipalilia viazi, na darasa la sita walimlisha Mkaa. Wengi walinung'unika, kwa sababu njia ya bondeni ni mwinamo mtupu na ukungu huifanya iteleze. Rahabu hakunung'unika. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwenye mkoba mzuri kuliko mikoba yote ya darasani, na alimpenda Mkaa kuliko alivyopenda hesabu.

Mkaa alikuwa farasi mweusi tii. Zamani alikuwa wa mzungu mmoja aliyekuwa na shamba la matunda ya mapeasi juu ya kijiji. Shamba lilipochukuliwa na serikali na kukabidhiwa kijiji cha ujamaa, mzungu alirudi kwao. Aliacha nyumba, ghala, trekta bovu na farasi. Mkutano wa kijiji ukatangaza kwamba vyote hivyo sasa ni mali ya wote.

Neno hilo lilikuwa zuri, na lilisemwa sana mwaka ule. Shida ilikuwa namna watu walivyolielewa. Haukupita muda mrefu, milango ya nyumba ile ikaanza kuondoka. Yakafuata madirisha, kisha mabati ya jikoni. Kila aliyebeba kitu alisema kwamba ni mali ya wote, na yeye ni mmoja wa hao wote. Lakini lilipokuja suala la kufagia ghala au kuziba paa la banda, hao wote hawakuonekana hata mmoja.

Mkaa hakubebwa na mtu, kwa kuwa habebeki. Yeye alipewa kazi ya kubeba. Alimbeba Dresa Mika, mganga wa zahanati, pamoja na sanduku lake la dawa, hadi vitongoji vya mbali ambako gari halifiki. Aliyekabidhiwa kumtunza ni Ndugu Silvano, msimamizi wa mifugo ya kijiji. Ndugu Silvano alijua mbuzi na kuku. Farasi hakumjua, na hakuona sababu ya kumwuliza mtu.

Hata tandiko lilichaguliwa kwa namna ya ajabu. Katika ghala la mzungu yalikuwamo matandiko mawili. Moja lilikuwa jembamba, linang'aa, lina misumari ya shaba pembeni. La pili lilikuwa pana na zito, la kazi, lenye masikio mawili ya ngozi mbele ya kuyashika mapaja ya mtu anayefukuza ng'ombe milimani. Hilo lilikuwa limechakaa, na panya walikuwa wameliguguna pembeni. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Selemani, alikuwa mtu wa haki, akataka kuyajaribu kabla ya kuamua. Yakawekwa juu ya gogo, akakalia hili, akakalia lile.

"Hili linalong'aa," alisema. "Linakaa vizuri kabisa."

Ni kweli lilikaa vizuri. Lakini mwenyekiti hakuwa farasi, na hakuna aliyefikiri kulijaribu kwenye mgongo utakaolivaa. Lile la zamani likarudishwa ghalani, kuku wakapata mahali pa kutagia.

Jumatano moja, Rahabu na rafiki yake Tatu walikuwa wakipanda kutoka bondeni na mizigo ya majani kichwani waliposikia kelele bandani. Walipofika walimkuta Dresa Mika amekaa chini, ameushika mkono wake wa kushoto, jasho linamtoka. Sanduku la dawa lilikuwa limepasuka, na harufu ya spiriti ilijaa banda zima. Ndugu Silvano alikuwa na fimbo mkononi, anamchapa Mkaa.

"Kibaraka mkubwa wewe," alikuwa akisema. "Umezoea kubeba mabwana. Mwananchi akikupanda unaleta kiburi. Ukoloni umekwisha, unasikia?"

Mkaa alirudi nyuma hadi ukutani, masikio yameinama, macho yamemtoka.

"Shikamoo mzee. Shikamoo Dresa," walisema wasichana.

"Marahaba. Wekeni majani pale mwende zenu," alijibu Ndugu Silvano. "Na hata hayo majani hayastahili."

"Kwani amefanya nini, mzee?" aliuliza Rahabu.

"Amemwangusha Dresa pale kwenye mwinuko. Mkono umevunjika. Dawa za watoto wa kitongoji kizima zimemwagika. Nimemkaza leo kuliko siku zote, na bado amesimama kwa miguu ya nyuma akamrusha."

"Labda anaumwa," alisema Tatu kwa sauti ndogo.

"Anaumwa uvivu."

Rahabu alitazama ubavu wa Mkaa. Chini ya tumbo, mahali pa mshipi unaolishika tandiko lisianguke, palikuwa na kamba ya katani iliyozama kwenye ngozi kiasi kwamba ilikaribia kupotea. Ndugu Silvano alikuwa na namna yake ya kuifunga, na watoto wote walikuwa wameiona. Aliweka goti ubavuni mwa farasi, akavuta kwa nguvu zake zote hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Hivyo ndivyo watu wa milimani wanavyofunga mzigo wa kuni, kwa sababu ukilegea kidogo tu kwenye mteremko utaziokota kuni moja moja hadi mtoni. Tandiko lilipoteleza nyuma wakati wa kupanda mlima, au mbele wakati wa kushuka, Ndugu Silvano alikaza zaidi. Hakukumbuka kwamba kuni hazipumui.

Jioni ile tarishi wa kijiji alipita nyumba kwa nyumba kutangaza. Jumamosi asubuhi kutakuwa na mkutano. Farasi amejeruhi mtumishi wa wananchi, ameharibu dawa, anakula bure kama kupe. Bwana Nyama wa Lushoto, ofisa wa wanyamapori, ameombwa aje na bunduki, kilichobaki ni mkutano kukubali.

Rahabu aliusukuma ugali kando.

"Watamwua kwa kosa gani?" alisema. "Baba, ile kamba inamkata. Mtu yeyote akitazama ataona. Kwa nini hawatazami?"

Baba yake, Fanueli, alikuwa fundi wa kushona viatu na mikoba, mtu mpole asiyependa ugomvi. Aliendelea kumega tonge.

"Hayo ni mambo ya wakubwa, Rahabu. Kamati ya kijiji imekwisha sema."

"Lakini kamati haijamtazama."

"Kula, mwanangu," alisema mama yake, Yudith. Kisha akaongeza, "Kesho ukitoka shule mtazame wewe. Halafu uje uniambie ulichoona."

Kesho yake Rahabu na Tatu walikimbia kutoka darasani moja kwa moja hadi bandani. Mkaa alikuwa bado amevaa tandiko tangu jana. Ndugu Silvano alidhani Dresa amemwomba mtu alivue. Dresa alikuwa zahanati anafungwa mkono, akidhani Ndugu Silvano amelivua. Watu wa kijiji kizima walipita pale kwenda mashambani na kurudi, kila mmoja akidhani hiyo ni kazi ya mwingine. Farasi wa wote alilala amefungwa kama mzigo.

Walifungua kamba polepole, huku Tatu akimsemesha Mkaa kwa upole. Walipoliinua tandiko, blanketi la chini lilikuwa limegandamana na mgongo. Ilibidi walilowanishe kwa maji ya uvuguvugu ndipo litoke. Pale shingo inapoungana na mgongo palikuwa na kidonda chenye upana wa kiganja. Kiunoni palikuwa na kingine. Nyuma ya miguu ya mbele, kamba ya katani ilikuwa imechana ngozi pande zote mbili.

"Na huyu ndiye anayeitwa mvivu," alisema Rahabu. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. "Wangebebeshwa wao hivi, wangefika wapi?"

Waliviosha vidonda kwa maji ya chumvi. Mkaa alitetemeka ngozi, lakini hakupiga teke wala hakuuma. Kisha Rahabu akakimbia hadi njia ya shambani, akamkuta mama yake anarudi na mzigo wa kuni kichwani. Alimweleza yote bila kupumzika. Mama Yudith aliutua mzigo, akaivua ngata aliyoisokota kwa majani ya mgomba na kitambaa, akampa.

"Vaa."

Rahabu aliivaa. Ilimkaa vibaya, inabonyeza upande mmoja juu ya sikio.

"Inaumiza, mama."

"Itaachaje kuumiza? Hiyo ni ya kichwa changu. Kila mtu anasokota ya kwake. Sasa weka kidole katikati. Unaona tundu? Mzigo unakaa pembeni kwenye nyama na mfupa mpana, utosi unabaki huru. Ukiujaza utosi, hufiki hata kwenye daraja. Mimi sijui mambo ya farasi, lakini naye ana mgongo, na katikati ya mgongo kuna uti. Nenda katazame lile tandiko linagusa wapi."

"Nitaonaje, na likishawekwa linafunika?"

Mama alifikiri. "Chungu kikikaa vibaya kwenye mafiga, mimi huwa nakigeuza nikatazama masizi. Palipogusa figa hapana masizi."

Rahabu alielewa mara moja. Mkaa alikuwa mweusi, na jikoni kulikuwa na jivu jeupe tele.

Walichukua jivu jikoni, wakarudi bandani alikokuwa Tatu. Walifunika vidonda kwa majani laini ya mgomba, wakapaka jivu lililolowanishwa kidogo mgongoni kote. Kisha wakalishusha lile tandiko linalong'aa taratibu, bila kulifunga, wakaliinua tena. Wakaligeuza chini juu. Jivu lilikuwa limeshika mahali pawili tu, mbele kabisa na nyuma kabisa, palepale penye vidonda. Kwingine kote tandiko lilikuwa safi. Lilikuwa limekaa kama daraja, na uzito wote wa Dresa na sanduku lake ulibebwa na ncha mbili. Tena lilikuwa jembamba mno kwa mgongo wa Mkaa, likawa linambana mabega kila anapopiga hatua.

"Jembamba kama benchi," alisema Tatu. "Basi lile la kuku?"

Wakalitoa ghalani lile tandiko la zamani. Waliondoa mayai na manyoya, wakaligeuza. Chini yake lilikuwa na mito miwili mirefu ya ngozi, na katikati ya mito hiyo mfereji mpana wa kupitisha hewa, mtu angeweza kuingiza ngumi. Mama Yudith aliutazama mfereji huo akacheka.

"Ngata hii hapa," alisema.

Mbele ya tandiko zilikuwapo pete mbili, na ukanda wa kupita kifuani mwa farasi ili tandiko lisiteleze nyuma wakati wa kupanda. Pembeni, kila upande, zilining'inia kamba mbili za ngozi zenye matundu. Rahabu alizishika akajiuliza zinafungwa na nini. Kilichokosekana kilikuwa kitu kimoja tu, mshipi wenyewe wa tumbo, usio kamba ya katani. Uwe mpana na laini, na kila mwisho wake uwe na vifungo viwili vya chuma.

Tatu aligeuka kutazama nguzo ya banda.

"Rahabu," alisema. "Mkoba wako."

Mkoba ulikuwa umetundikwa kwenye msumari. Baba yake aliushona kwa turubai, akautilia mkanda wa begani ulioonewa wivu na darasa zima. Ulikuwa mpana, umefumwa kwa nyuzi za pamba, mistari ya buluu na nyeupe. Na kila mwisho wake, kama pambo, ulikuwa na vifungo viwili vya chuma.

Rahabu aliona uso unamwaka moto. Siku zote mbili alikuwa amewalaumu Ndugu Silvano, mwenyekiti, kamati na kijiji kizima. Siku zote hizo mshipi wa Mkaa alikuwa ameuvaa yeye begani.

Mama Yudith naye aliugeuzageuza mkanda ule. "Mimi sikujua," alisema. "Baba yako alisema ameuokota."

Walipofika nyumbani, Fanueli alikuwa barazani anashona soli. Rahabu aliuweka mkoba miguuni pake.

"Baba, huu mkanda uliutoa wapi?"

Fanueli hakuinua macho. "Ghalani kwa mzungu. Ulikuwa umetupwa."

"Haukutupwa. Ulikuwa wa farasi."

"Kila mtu alichukua kitu kule, Rahabu. Wengine wamechukua milango. Mimi nimechukua kitambaa ili mwanangu asibebe vitabu kwenye mfuko wa katani. Ni mali ya wote."

"Mkaa naye si wa wote?" Sauti ya Rahabu ilipanda, na hakuwahi kuipandisha mbele ya baba yake. "Kwa sababu hana huu wanamfunga kamba, na kamba imemchana, na kwa kuwa imemchana amemwangusha Dresa, na kesho kutwa wanamwua. Nisamehe baba, lakini ni huu."

Fanueli aliiweka sindano chini.

"Ukiutaja mkutanoni utanitia aibu mbele ya watu wote," alisema. "Mimi ndiye fundi wao. Wananiachia viatu vyao bila kuhesabu. Wataniita mwizi."

"Sitakutaja," alisema Rahabu. "Lakini siuvai tena."

Alivitoa vitabu vyake, akavikumbatia kifuani, akaingia ndani. Mkoba ulibaki barazani, na Fanueli alibaki akiutazama.

Jumamosi asubuhi ukungu ulikuwa bado haujanyanyuka, watu wakajaa uwanja wa shule. Mwenyekiti Selemani alikaa mezani, Ndugu Silvano pembeni yake. Dresa Mika alikuja na mkono uliofungwa kwa bendeji shingoni, uso wake hauna furaha hata kidogo. Ndugu Silvano alisimama akasema mengi. Alisema farasi yule ana kasumba ya kikoloni. Alisema kijiji cha ujamaa hakiwezi kufuga kupe. Watu wengine walipiga makofi, wengine waliangalia chini.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema Mama Yudith. "Mwanangu ana neno."

"Mtoto?" aliuliza mwenyekiti. "Mama Rahabu, huu ni mkutano wa wakubwa."

"Najua. Lakini wakubwa mnakata shauri juu ya mgongo ambao hamjauona. Yeye ameuona."

Minong'ono ikapita uwanjani. Mwenyekiti alimtazama Dresa Mika, kwa kuwa yeye ndiye aliyeumia.

"Mkono wangu ndio uliovunjika," alisema Dresa. "Nataka kujua kwa nini. Mwacheni aseme."

Rahabu aliwaamkia wakubwa. Hakusema mengi. Alimwomba Tatu amlete Mkaa, naye akaja anatembea taratibu, amevaa hatamu tu. Watu waliokuwa mbele walipoviona vile vidonda walishtuka. Mama mmoja alifunika mdomo kwa kanga. Farasi yule alikuwa amepita mbele ya nyumba zao kila wiki, na hii ndiyo mara ya kwanza kwao kumwona bila tandiko.

Rahabu alivifunika vidonda kwa majani, akapaka jivu. Kati ya matandiko mawili waliyoyaleta, aliliweka linalong'aa, akaliinua, akalipeleka mezani na kuligeuza mbele ya mwenyekiti. Alama mbili za jivu zilionekana, mbele na nyuma.

"Na vidonda viko wapi, mzee?" aliuliza.

Mwenyekiti alitazama tandiko, akatazama farasi, akatazama tena tandiko. Rahabu alipaka jivu upya, akaliweka lile la zamani. Safari hii alama zilikuwa njia mbili ndefu, sawasawa, moja kila upande, na katikati juu ya uti wa mgongo hapakuguswa kabisa. Wanawake ndio waliokuwa wa kwanza kuguna, maana wao walijua mzigo unavyotakiwa kukaa.

"Tulilichagua mimi na wewe, Silvano," alisema Mzee Selemani polepole. "Nililikalia mimi."

"Lakini hata hilo la zamani halifungiki," alisema Ndugu Silvano, ambaye hakuwa tayari kushindwa. "Halina mshipi. Mshipi ulipotea siku nyingi. Ndiyo maana nikatumia kamba. Mnataka nimfunge kwa kitu gani, kwa hewa?"

"Kweli," alisema mwenyekiti. "Huo mshipi uko wapi?"

Aliyekuwa na mlango wa mzungu alitazama miguu yake. Aliyekuwa na mabati alianza kukohoa.

"Rahabu," alisema mwenyekiti. "Wewe umechunguza yote haya. Unajua ulipo?"

Rahabu alitaka kusema hapana. Neno lilikuwa fupi na rahisi, na lingemwokoa baba yake. Lakini alikuwa ameshika hatamu za Mkaa, na pumzi ya farasi ilikuwa ikimpiga mkononi.

"Najua, mzee," alisema, akainamisha kichwa. "Lakini siwezi kusema."

"Huwezi? Unamficha mwizi, huku farasi anakufa?" alifoka Ndugu Silvano.

"Hafichi mtu," ilisema sauti kutoka nyuma.

Fanueli alikuwa akipita katikati ya watu. Mkononi alikuwa na mshipi wa buluu na nyeupe, ameshautoa kwenye mkoba, ameufua na kuondoa nyuzi zote za mshono. Aliuweka juu ya meza.

"Mimi ndiye niliyeuchukua," alisema. "Niliutoa ghalani nikamtengenezea mwanangu mkoba. Nilijiambia ni mali ya wote. Mwanangu ameniuliza kama farasi naye si wa wote, na tangu siku hiyo sijapata jibu. Kama kuna wa kulaumiwa kwa mkono wa Dresa, nianzeni mimi."

Hakuna aliyepiga makofi. Dresa Mika alisimama, akaenda hadi kwa Mkaa. Mkaa alishtuka kumwona, akarudi hatua moja, na Dresa akangoja hadi alipotulia.

"Nilikuja hapa nikiwa na hasira," aliwaambia watu. "Nilitaka auawe. Sasa bado nina hasira, lakini si juu yake. Mimi ni mganga. Nikija nyumbani kwako nakuta mtoto analia, sisemi mtoto huyu ana kiburi. Namvua shati nimtazame. Lakini huyu amenibeba siku zote hizi akinionyesha kwa masikio, kwa mkia, kwa kila namna aliyojaliwa, na sikuwahi kuinua tandiko nitazame chini yake. Nilikuwa na haraka. Silvano alikuwa na nguvu. Fanueli alikuwa na mkasi. Na ninyi wengine mlikuwa mnapita njia. Mali ya wote haina maana kwamba kila mtu achukue kipande chake na lawama zibaki kwa farasi. Maana yake ni kwamba kila mmoja wetu anaweza kuulizwa. Leo tumeulizwa na mtoto, na tumshukuru, kwa sababu kesho tungeulizwa na maiti."

Mwenyekiti Selemani alisimama. Hakuongeza hotuba. Alisema Bwana Nyama ataambiwa abaki na bunduki yake. Mkaa apumzike bila kubeba chochote hadi vidonda vikauke kabisa, na muda huo vijana wabebe sanduku la Dresa kwa zamu. Fanueli atatengeneza matandiko na mikanda ya kijiji. Ndugu Silvano atashuka Lushoto kwa bwana mifugo akafundishwe.

"Na walio na milango na mabati," alimalizia, "ghala liko wazi."

Jioni ile mlango wa kwanza ukaonekana umeegemezwa ukutani kwa mzungu. Aliyeurudisha hakuonekana.

Siku Mkaa alipotandikwa tena, watu wengi walikuja kutazama. Fanueli alilishusha tandiko pana mgongoni, juu ya blanketi safi, akafunga ukanda wa kifua. Kisha akaufunga mshipi wa buluu na nyeupe, polepole, tundu kwa tundu, akiingiza vidole kati ya mshipi na ngozi kila mara. Ndugu Silvano, ambaye alikuwa amerudi kutoka Lushoto akiwa mpole kidogo, alisimama pembeni.

"Mtembeze kwanza," alisema. "Bwana mifugo anasema akifungwa hujaza pumzi. Mtembeze ashushe pumzi, halafu utazame tena." Alisita. "Na usiweke goti."

Dresa Mika akapanda. Mkaa alisimama, akageuza sikio moja nyuma, kama anayengoja maumivu. Hayakuja. Akaanza kupanda mlima kwa hatua ndefu, na tandiko halikuteleza mbele wala nyuma.

Rahabu alimtazama hadi alipopotelea kwenye ukungu, kisha akauchukua mkoba wake aende shule. Baba yake alikuwa ameutilia mkanda mpya wa kamba ya katani, kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo. Aliporudi alasiri alikuwa ameuhamishia bega la pili. Fanueli alimwita barazani, akasogeza kola ya sare yake, akaona mstari mwekundu begani.

"Umevaa siku moja tu," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Na vitabu vyenyewe ni vichache."

Aliupitisha mkanda wa katani kati ya vidole vyake vya fundi. Kisha akachukua kipande kilichobaki cha blanketi la farasi, akakipima kwanza kwenye bega la binti yake, ndipo akakikata.